Kamera Iliyobaki Kichwani

Jumamosi asubuhi, kabla gari halijatoka getini, Baba alipuliza filimbi na familia ikahesabiana. Ndivyo walivyosafiri siku zote. Kabla ya kustaafu Baba alikuwa mwalimu wa michezo, na miaka yote ile ya kupeleka watoto wa watu mashindanoni na kuwarudisha kwao ilimwachia tabia moja: hakuamini macho, aliamini namba. Kila mtu nyumbani alikuwa na yake.

"Moja," alisema Baba mwenyewe.

"Mbili," alisema Mama, anahangaika na mkanda wa kiti.

"Tatu," alisema Bibi shingo upande, kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa namba moja na hakuwahi kuelewa imekuwaje akawa wa tatu.

"Nne!" Msomi aliitoa kwa sauti mpaka jirani aliyekuwa anamwagilia maua akageuka.

"Tano," alisema Kitinda, mdogo wake Msomi, ambaye miguu yake ilikuwa imerefuka mwaka ule kuliko kiti cha gari.

"Hesabu imetimia," alisema Baba, akawasha gari.

Binamu hakuwa na namba. Alikuwa nyuma kabisa, kwenye nafasi ya mizigo, kalishika boksi la barafu lisitembee, sufuria ya viazi kaiweka katikati ya miguu. Si kwamba alinyimwa. Alikuja likizo, na mkoba wake wa shule, mwaka ule mama yake, dada yake Baba, alipoolewa mara ya pili. Baba alisema kumpa namba mtu aliyekuja likizo ni kuvuruga hesabu. Likizo yenyewe ilikuwa haijaisha. Msomi alianza chuo na kumaliza chuo ndani ya likizo hiyo hiyo.

Msomi, yeye siku hiyo alikuwa amebeba habari kama mtu aliyebanwa na chafya. Alikuwa amepata kazi, kwenye ofisi ya kuchora ramani, anaanza Jumatatu. Alikuwa hajamwambia mtu. Alitaka kuisema mbele ya wote, chakula kikiwa kimeshapakuliwa, na alitaka kujirekodi wakati anaisema. Ndiyo maana mapajani alikuwa na kamera mpya, ndogo kama boksi la kiberiti, ya kuvaa kichwani kwa mkanda, haiogopi maji wala kuanguka. Tangu watoke nyumbani alikuwa ameifungua na kuifunga mpaka Kitinda akamwambia, "Msomi, si usome maelekezo? Au chuo hawakufika huko?"

"Maelekezo ni ya watu kama wewe."

"Basi ukiichoma, nitakuwa wa kwanza kucheka."

"Ukicheka, huivai."

Kitinda akageukia dirishani.

Walikwenda bwawani, nje kidogo ya mji, mahali ambapo halmashauri ilipanda nyasi na kuweka mabenchi, ikasahau kuweka vivuli. Binamu alitandika mkeka, akapanga sahani, akafungulia Bibi kiti chake cha kukunja. Wengine walijaribu kamera.

Kitinda aliivaa kwanza, akajirusha majini na nguo zake. Baba aliivaa akapanda boti ya kukanyaga pedali kwa miguu, akazunguka bwawa lote huku akiieleza kamera jinsi ya kupumua. Mama aliivaa kidogo tu, akasema inamvuta nywele. Bibi alipovalishwa aliuliza anatakiwa kufanya nini.

"Hakuna, Bibi. Wewe angalia tu," alisema Msomi.

Bibi akaangalia maji, halafu akalala usingizi, kamera ikimwangazia kijitaa chake chekundu juu ya paji la uso.

Chakula kilipopakuliwa, Msomi alijivisha kamera mwenyewe, akasimama, akasema habari yake. Mama akapiga kigelegele. Kitinda akauliza kama sasa ataacha kumwomba vocha. Baba akamshika mkono kama anayempa kombe, na kweli machozi yalimlengalenga. Binamu, ambaye alikuwa anamenyea Bibi yai, alicheka mpaka yai likamponyoka. Kati ya wote yeye ndiye aliyefurahi zaidi, na kila mtu alijua kwa nini.

Ilikuwa ni makubaliano. Siku Msomi alipopata chuo, Baba aliwakalisha wote sebuleni akasema: Binamu ashike nyumba, Msomi asome. Msomi akimaliza, wanapokezana. Binamu alikuwa anataka kusomea ufundi wa friji, kwenye chuo kilichoko barabara ile ile ya kwenda bwawani. Kuandikishwa kulikuwa kunafungwa Jumatatu.

Na Msomi, kwa vile furaha ilikuwa imemjaa na haikumtosha peke yake, akasema, "Sasa ni zamu ya Binamu. Baba, si ndiyo?"

Baba alitafuna kiazi chake mpaka kikaisha.

"Zamu yake ipo," alisema. "Hakuna aliyeifuta. Lakini Kitinda ana mitihani mwakani, anahitaji nyumba iliyotulia. Wewe ndiyo unaanza kazi, utakuwa unatoka alfajiri. Na Bibi je? Nani atamshika Bibi?"

"Mimi nashikwa?" aliuliza Bibi.

"Kitinda akishamaliza, Binamu anaingia. Umri bado anao. Au nasema uongo, Binamu?"

"Hapana, Mjomba," alisema Binamu. "Sawa, Mjomba."

Akaliokota lile yai, akalisuuza, akamalizia kulimenya.

Msomi aliona lazima afanye jambo. Alikuwa na moyo mzuri, hilo hata Kitinda hakulipinga. Kwa hiyo alivua kamera akamfunga Binamu kichwani, akamkaza mkanda nyuma ya kisogo, akamwambia, "Na wewe jaribu. Zunguka nayo unavyotaka."

"Nizunguke wapi, dada?"

"Popote. Leo ni siku yako pia."

Binamu alikusanya vyombo akaenda navyo ukingoni mwa maji.

Jua lilipoanza kulegea, wingu likatokea upande wa milimani na Baba akaingiza filimbi mdomoni. Kitinda alikimbia ukingoni, kwa sababu alikumbuka kamera iko huko, karibu na maji na sabuni, na alikuwa haamini bado ile habari ya kutoogopa maji. Alimkuta Binamu amechutama anasugua sufuria. Akafungua mkanda, akachukua kamera, akaacha kichwa. Akarudi mbio. Filimbi ikalia.

"Moja."

"Mbili."

"Tatu."

"Nne!"

"Tano."

"Hesabu imetimia," alisema Baba.

Njiani waliimba. Bibi aliomba maji, akaomba tena, halafu akaacha. Walipofika nyumbani Mama alishangaa kidogo kwamba taa ya uani haijawashwa, akaiwasha, akasema wote waje sebuleni waone picha kabla hawajachoka. Kitinda akaunganisha kamera kwenye tivii kwa waya. Wakakaa: Baba na Mama kwenye kochi kubwa, Bibi kwenye kiti chake, Kitinda chini, Msomi kwenye kistuli cha ngozi karibu na skrini, kwa sababu kamera ni yake.

Ilianza na Kitinda majini, kijani kitupu na mapovu. Kisha Baba na boti. Kisha Mama, muda mfupi tu, anaangalia sahani, anaangalia kama sahani zinatosha.

Kisha Bibi. Maji ya bwawa yalionekana yakipanda na kushuka, kope zikashuka kama pazia, na baada ya giza kidogo akatokea marehemu Babu. Alikuwa sokoni na shati lake la mistari, anabishana na muuza matairi. Alikuwa hajambo, ila amekonda. Alitaja bei yake, akaondoka kwa hasira, akaitwa, akarudi.

"Hajabadilika," alisema Bibi.

"Matairi ya nini, na gari huko hana?" aliuliza Mama.

"Atakuwa anamnunulia mtu."

"Kamera nzuri hii," alisema Baba. "Haichagui."

Ndipo ikaja sehemu ya Binamu. Mikono miwili, povu, sahani. Sahani nyingine. Waliangalia sahani zikioshwa moja moja, na Kitinda akasema hapa tungeruka, lakini rimoti alikuwa ameikalia Baba. Halafu mkono wa Kitinda mwenyewe ukaingia pembeni, ukakua, ukaziba skrini yote. Mkanda ukasikika ukifunguka.

Picha haikukatika.

Mkono ukatoka na mikono miwili ikaendelea kusuuza sufuria. Filimbi ikalia, mbali kidogo. Picha ikainuka kutoka kwenye sufuria, ikageuka, ikaonyesha nyasi, mkeka, na gari la familia milango iko wazi. Zikasikika namba. Moja. Mbili. Tatu. Kisha ikaja "Nne!", sauti ya msichana mwenye raha zake, imejaa kicheko, na Msomi akahisi kama mtu kammwagia maji ya barafu ndani ya blauzi. Alikuwa hajawahi kuisikia namba yake akiwa upande wa pili.

Tano. Milango ikafungwa. Gari likazunguka mti wa maegesho, likashika barabara, likawa dogo. Picha ilibaki pale pale juu ya vumbi mpaka vumbi likatua.

Sebuleni watu wote waliangalia mlango wa jikoni.

"Binamu?" aliita Mama.

Jikoni kulikuwa kimya, isipokuwa friji.

"Tumemwacha," alisema Baba. Alisema kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta miwani haipo.

"Lakini hesabu ilitimia," alisema Kitinda.

"Ilitimia. Hilo halina ubishi."

Msomi alisimama. Alishindwa kuelewa kwa nini wenzake hawasimami. "Twende tukamchukue. Baba, funguo."

"Tutapishana njiani. Tazama, ameshafika barabarani."

Kweli. Picha ilikuwa inatembea sasa, pole pole, kwa mwendo wa mtu aliyebeba. Pembeni ulionekana mkeka umekunjwa, na chini, kila hatua, ukingo wa boksi la barafu. Barabara ilikuwa tupu. Wingu la milimani lilikuwa limeshashuka.

"Mzigo wote huo," alisema Mama kwa huruma. "Boksi lile si angelimwaga kwanza? Barafu nzito."

"Ameshamwaga," alisema Kitinda. "Sikiliza linavyolia. Tupu."

"Kichwa kinafanya kazi," alisema Baba, akavuta kochi mbele kidogo. "Ashike kulia. Kulia, mwanangu, magari yanakuja mbele yako uyaone. Umeona? Ameshika kulia."

Bibi alisema mtoto atalowa. Mvua ikaanza kwenye skrini, matone yakapita bila kugusa kioo cha kamera, kwa sababu kioo hakikuwepo. Nje ya dirisha la sebule mvua ilikuwa haijafika. Mama akainuka akachemshe chai, maana Binamu akifika atakuwa na baridi, lakini jikoni hakujua kiberiti kinakaa wapi siku hizi, akarudi akakaa.

Msomi alikwenda mlangoni akavaa kiatu kimoja. Alitaka kutoka. Alikuwa na nia kabisa. Ila alipoinama kutafuta cha pili alisikia Baba anasema, "Anasimama. Kwa nini anasimama?" na akarudi kuangalia, na kiatu chake kimoja.

Picha ilikuwa imesimama mbele ya geti la chuo cha ufundi. Ilikaa kwenye kibao muda mrefu, ikikisoma kutoka juu mpaka chini, kisha ikasogea kwenye upenyo wa geti. Ndani, ng'ambo ya uwanja, karakana ilikuwa wazi. Friji zilikuwa zimepangwa safu hadi mwisho wa chumba, milango yote imeachwa wazi, na kila moja ilikuwa na kijitaa chake cha ndani kinawaka. Hakukuwa na taa nyingine. Mvua ilipita mbele ya mwanga ule na picha haikupepesa.

"Dada, tumefunga," ilisema sauti ya mlinzi, na uso wake ukatokea, wa mtu mzima, kajifunika mfuko wa nailoni kichwani. "Una shida gani?"

"Nilikuwa naangalia tu. Kujiandikisha mwisho lini?"

"Jumatatu jioni. Lakini uje na mzazi. Au mlezi. Hawakupokei peke yako."

"Haya."

"Mlezi unaye?"

"Ninaye. Ametangulia nyumbani."

"Ametangulia?"

"Ndiyo. Na gari."

Mlinzi alimwangalia, yaani aliwaangalia wote watano pale sebuleni, mmoja baada ya mwingine, vile ilivyoonekana. Mvua ilimtiririka puani.

"Amejibu vizuri," alisema Baba. "Hakumsema mtu vibaya."

"Ana malezi," alisema Mama.

Msomi alisema, "Baba, mpeleke Jumatatu." Sauti ilimtoka ndogo. "Ni zamu yake. Mlisema. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa hapa hapa, na yeye akafurahi kuliko mimi."

"Hayo tutaongea."

"Lini?"

"Msomi, mtoto wa watu yuko njiani kwenye mvua, na wewe unaniletea habari za vyuo? Kuwa na utu kidogo."

Wote walimwangalia kwa kumlaumu. Akakaa.

Basi wakaendelea kumsindikiza. Walimpitisha kituo cha mafuta. Walimwonya kuhusu mbwa wa fundi bati, naye akawa ameshamwona. Kwenye njia panda Kitinda alisema apite mkato, Baba akasema mkato una matope, na picha ilipokwenda barabara kubwa Baba alipiga goti lake kama mtu aliyeshinda. Bibi alisinzia. Mvua ikafika kwenye bati la nyumba yao wakati ule ule picha ilipofika kwenye ukuta wa jirani mwenye maua.

Geti likasikika kwenye tivii, na likasikika nje.

Picha ilizunguka nyumba, ikapita uani chini ya taa, ikaingia kwa mlango wa nyuma. Boksi likawekwa chini. Sufuria ikawekwa. Ikavuka jikoni na ikasimama kwenye mlango wa sebule.

Kwenye skrini kilionekana chumba chenye visogo vitano. Cha Baba chenye upara, cha Mama chenye kitambaa, cha Bibi kimeegemea upande, cha Kitinda chini kabisa. Na karibu na tivii, kisogo cha msichana mwenye nywele zilizosukwa vizuri, mistari imenyooka kama imepigwa kwa rula. Binamu alikuwa amezisuka jana yake. Mbele ya visogo kulikuwa na tivii, na ndani ya tivii hiyo visogo vitano vidogo, na ndani yake tena.

Msomi alikiangalia kile kisogo chake. Alijua Binamu yuko nyuma yake hatua chache, amelowa, mkeka begani. Alijua kwamba kugeuka ni kugeuza shingo tu. Aliangalia skrini kwa makini, akisubiri kuona kama yule msichana atageuka.

Hakugeuka.

Baada ya muda picha yenyewe ndiyo iliyogeuka, ikarudi jikoni, ikapata kiberiti, ikawasha jiko. Maji yakaanza kutiririka kwenye beseni, sauti ikitoka pande mbili.

"Punguza tivii," Baba alimwambia Kitinda. "Inapiga kelele mara mbili."

Picha haikukatika tena. Kitinda alichomoa waya, akairudisha kamera kwenye sanduku lake, lakini tivii ikiwashwa tu kabla hujachagua stesheni anatokea Binamu: anafagia, anampimia Bibi dawa, anahesabu vibanio kwenye kamba. Waliizoea siku ile ile ya pili. Mama alisema inamsaidia, hana haja ya kuita nyumba nzima kuuliza kama wali umeiva.

Jumatatu Msomi aliamka mapema kuliko siku zote. Alikunywa chai sebuleni, peke yake, na mkoba mpya magotini. Baba alikuwa amelala. Alikuwa ametoka chumbani mara moja tu, kuuliza leo ni tarehe ngapi, akaambiwa, akasema, "Haya," akarudi kitandani.

Kwenye skrini pasi ilikuwa inapanda na kushuka juu ya blauzi nyeupe, ile aliyoinunua kwa ajili ya kazi. Harufu ya kitambaa cha moto ilikuwa inatoka jikoni. Mkono uliokuwa unapiga pasi ulifanya kazi bila haraka, ukaenda kwenye kola, ukaenda mgongoni, ukasimama.

Picha iliinuka kutoka kwenye blauzi. Ikaangalia dirisha la jikoni, na nje ya dirisha ukuta, na juu ya ukuta anga la asubuhi upande wa barabara ya bwawani. Ilikaa huko. Msomi aliacha kumeza. Alifikiri juu ya geti, na mlinzi, na jioni ambayo ilikuwa bado mbali kabisa, siku nzima ikiwa haijaguswa. Alifungua mdomo kusema.

"Mkono wa kushoto wa blauzi umeuruka," alisema.

Alishtuka kusikia sauti yake. Kwenye skrini picha ilishuka kutoka dirishani, na pasi ikarudi kwenye mkono wa kushoto.